Mkono Ulionyamaza

Mteja alikuwa ameshanyolewa upande mmoja alipouliza, "Fundi, nini kinanguruma hapo?"

Kinyozi alizima mashine yake ya kunyolea. Alijua kwamba kuizima kusingesaidia kitu, lakini ndivyo mtu anavyofanya anapotaka kuchelewesha jibu. Kinyozi hunyoa kwa mkono wa kulia na kushika kichwa kwa mkono wa kushoto, akikiinamisha na kukigeuza anavyotaka, na mkono wake wa kushoto ndio uliokuwa na ule mshipa: mnene kama kidole gumba, umejikunja kutoka kwenye kiwiko kwenda juu, chini ya ngozi inayong'aa. Madaktari waliiunganisha mishipa miwili pale ndani ili sindano za mashine ya kusafishia damu zipate pa kuingilia. Tangu siku hiyo damu ilipita pale kwa kasi na kwa kelele, na aliyeweka sikio karibu aliisikia. Bahati mbaya, mtu aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi hana njia ya kuliweka sikio lake mbali.

"Ni mkono," alisema kinyozi. "Figo zangu hazifanyi kazi. Huu ni mshipa wanaoutumia kunisafishia damu. Hauambukizi."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoharibu. Mteja hakuwa na habari za kuambukizwa mpaka alipoambiwa kwamba haambukizwi. Aliinuka polepole, kwa adabu zote, akasema amekumbuka kuna mtu anamsubiri, akatoka na nusu kichwa, shuka la kunyolea likiwa bado linaning'inia shingoni. Watu wawili waliokuwa kwenye benchi walitazamana. Mmoja akaaga. Wa pili alivumilia dakika tano nzima ili isionekane kwamba amekimbia, kisha naye akakimbia.

Nyumbani kinyozi alikisimulia kisa hicho kama kichekesho.

"Kaondoka na shuka langu. Huko mtaani watadhani nimeanzisha fasheni."

Mke wake hakucheka. Watu walimwita Mama Pindo, ingawa hakuwa na mtoto wa jina hilo. Alikuwa fundi wa kushona, na jina alipewa na wateja kwa tabia yake ya kufumua pindo la suruali mara nne mpaka likae sawa, hata kama mwenye suruali anangoja nje na taulo kiunoni.

"Wameondoka wangapi?" aliuliza.

"Mmoja."

"Baba, nimekuuliza wangapi."

"Watatu. Ukiweka na wawili wa juzi, watano."

"Na mwenye saluni anasemaje?"

"Anasema nipumzike. Nikamwambia mimi napumzika Jumatatu na Alhamisi kwenye mashine, saa nne nzima nimelala kama bosi. Inatosha." Kinyozi alikuna shingo. "Akasema basi tuone mwisho wa mwezi. Kuna kijana anakitaka kile kiti."

Mama Pindo alivuta utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake saa zote, hata jikoni.

"Nyoosha mkono."

"Unanipima sanda?"

"Nyoosha mkono, nimesema."

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, na cherehani ilikaa mlangoni pa kile cha mbele ili ipate mwanga. Watoto walishakuwa na maisha yao mbali. Tangu figo za mumewe zikatae kazi, Mama Pindo alikuwa ameuingiza ugonjwa ule katika vipimo, kama alivyovizoea vya nguo. Maji ya siku yalikuwa chupa moja ndogo, na chai, mchuzi na maji ya kumezea vidonge vyote vilitolewa humo humo. Viazi alivikata vidogo, akaviloweka, akavichemsha, akamwaga maji, akavichemsha tena. Chumvi ilikuwa imefukuzwa jikoni. Asubuhi mume alipanda mizani kabla hajavaa, na uzito ukaandikwa kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja, baada ya mabega na viuno vya watu. Kule hospitali nesi mwenye miwani aliwaonyesha wagonjwa wapya daftari lile. "Mwangalieni mama huyu," alikuwa akiwaambia. "Fanyeni kama yeye."

Na kila jioni, kama alivyofundishwa, Mama Pindo aliweka vidole vitatu juu ya mshipa. Kinyozi mwenyewe ncha za vidole vyake zilikuwa zimekufa ganzi, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya mkewe. Mshipa ukitetema, mzima. "Ukinyamaza msingoje kukuche," nesi alisema. "Mleteni saa hiyo hiyo."

Kipimo kile kilikuwa cha soksi ya mkono, kama kinyozi alivyoiita baadaye. Mama Pindo aliishona Jumapili na kuimaliza Jumatatu jioni mumewe aliporudi kutoka kwenye mashine. Ilikuwa ya pamba nzito, tabaka mbili, ili imeze kelele. Aliweka lastiki juu na lastiki chini. Alipomvalisha ikateremka mpaka kwenye kiwiko. Nguo inayoteremka ilikuwa kitu ambacho Mama Pindo hakuweza kuishi nacho nyumba moja, basi akaongeza lastiki ya tatu katikati.

Nesi alikuwa amewasomea orodha ya yaliyokatazwa, naye Mama Pindo alikuwa ameiandika: asipimwe presha mkono huo, asibebe mzigo, asivae saa, asilalie mkono, asivae nguo ya kubana. Hakuisahau orodha. Alijiambia tu kwamba nguo aliyoishona yeye, kwa vipimo alivyovichukua yeye, haiwezi kuwa nguo ya kubana. Miaka ishirini na saba alikuwa akiwaambia watu waliolalamika kuwa wao ndio wamenenepa.

"Inabana kidogo," alisema kinyozi Jumanne asubuhi.

"Lastiki mpya hiyo. Ikifuliwa mara mbili italegea."

"Vidole vimekuwa baridi."

"Leo nani vidole vyake vina moto? Tembea, wateja wanakungoja."

Na kweli walikuwepo. Siku hiyo alinyoa vichwa tisa. Waliouliza kuhusu soksi aliwaambia anajikinga na nywele, na mwenye saluni akasema sasa ndiyo anaonekana mtu wa kazi. Alirudi nyumbani anapiga mluzi. Mama Pindo alimsikia tangu kona, na moyo wake ukajaa, kwa sababu ilikuwa miezi mingi hajausikia mluzi ule.

Lakini hebu tuseme yote. Hakuishona soksi ile kwa ajili ya wateja peke yao. Kwa miezi minane alikuwa hajalala. Mume hakuruhusiwa kuulalia mkono ule, kwa hiyo usiku uliwekwa juu ya mto, katikati yao, na ukanguruma sikioni mwa mkewe tangu taa ilipozimwa mpaka jogoo wa jirani. Alijaribu kuziba masikio kwa pamba. Alijaribu kulala miguuni. Alilala juu ya cherehani mchana na kujishona kidole. Kuna saa aliuchukia mkono ule kabisa, kama unavyomchukia mgeni asiyetaka kuaga, kisha akaona haya, maana mkono ule ndio uliomfanya asiwe mjane. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Alipochagua kitambaa kizito cha tabaka mbili, alikuwa anawaza masikio ya wateja, na alikuwa anawaza lake.

Jumanne jioni aliweka vidole juu ya soksi bila kuivua. Hakusikia kitu. Akasema moyoni ni unene wa kitambaa. Wakati wa kulala kinyozi aliivua mwenyewe, akauweka mkono juu ya mto kama kawaida. Taa ikazimwa. Kukawa kimya.

Mama Pindo alijua. Hakujua kwa maneno, ila alijua kama mtu aliyelala anavyojua kwamba mvua imekatika. Angenyoosha vidole vitatu tu, mkono ulikuwa hapo puani pake. Alijiambia labda umechoka na kazi, labda ndivyo unavyokuwa ukipata joto, labda ataushika akigeuka upande wa pili. Kabla hajageuka usingizi ukamchukua, na akalala mpaka jua likaingia dirishani. Hakuwa amelala hivyo tangu mwaka jana. Jumatano mume alivaa soksi akaenda kazini, na yeye alikuwa na sare za shule za kumaliza, akazimaliza zote, mkono mwepesi, akiimba. Hakumgusa mumewe mkono siku nzima. Usiku akalala tena.

Alhamisi hospitalini, nesi mwenye miwani aliweka vidole juu ya mshipa huku anaendelea kuongea na mgonjwa wa kitanda cha pili. Akaacha kuongea. Akavisogeza vidole juu, akavirudisha chini. Akachukua chombo cha kusikilizia, akasikiliza sehemu tatu, macho yake yakiwa ukutani.

Dada yake kinyozi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Aliuza ndoo na mabeseni, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mwepesi kutoa, na kila Alhamisi alifunga biashara ili amsindikize kaka yake.

"Kuna nini, nesi?" aliuliza.

"Mama," nesi alimwambia Mama Pindo, "mara ya mwisho uliusikia lini?"

"Jana usiku."

Lilitoka lenyewe. Hakuwa amelipanga. Lilitoka kama mtu anavyosema "nzuri" anapoulizwa habari za asubuhi.

"Una hakika?"

"Niliweka vidole. Mtetemo ulikuwepo."

Nesi alimgeukia mgonjwa. "Mzee, umeulalia?"

"Nadhani," alisema kinyozi. "Nadhani niliulalia alfajiri."

"Hukubeba kitu? Hukuvaa kitu cha kubana?" Tayari alikuwa ameuinua mkono kwenye mwanga. Alama zilikuwa bado zipo, mistari mitatu, kama iliyochorwa kwa rula. "Na hii?"

"Shati," alisema kinyozi.

"Shati gani lina mistari mitatu?"

Soksi ilikuwa mfukoni mwa kinyozi. Mama Pindo aliona mkono wa kulia wa mumewe ukiteremka kuufunika mfuko, na hilo alishindwa kulitazama.

"Nilimshonea kitu cha kuvaa kazini," alisema. "Kina lastiki. Wateja walikuwa wanaukimbia mkono."

Nesi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakukasirika, afadhali angekasirika. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "wewe ndiye niliyekuwa nawatolea wenzako mfano."

"Umemfunga kaka yangu kama mfuko wa sukari," alisema wifi yake. Chumba kizima kilisikia. Wagonjwa wa vitanda vitano walitazama dari.

Daktari wa mishipa alikuja baada ya nusu saa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka, na alivuta kiti akakaa, jambo lililowatisha wote zaidi ya kama angesimama.

"Damu imeganda ndani ya mshipa," alisema. "Mzee, ule wa kifundo cha mkono ulikufa mwaka jana, na huu wa kiwiko ndio wa mwisho mkono wa kushoto. Tukiupoteza, tunahamia wa kulia."

Kinyozi aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba mtu ameuomba. "Huu ndio unaonyoa."

"Najua. Utafanyiwa upasuaji, utaupumzisha wiki kadhaa, kisha sindano zitaingia humo siku zote. Siwezi kukuahidi kwamba utaweza kuinyanyua mashine yako kutwa nzima tena. Ndiyo maana nataka kuupigania huu." Alimgeukia Mama Pindo. "Umesema jana usiku ulikuwepo. Hilo limetusaidia sana. Damu ya saa chache bado ni laini, naweza kufungua na kuitoa. Nimeshaomba chumba cha upasuaji, saa sita."

"Na kama ni ya siku nyingi?" aliuliza wifi.

"Ingekuwa ya siku mbili nisingegusa, kwa huyu nisingegusa. Mshipa wake umechoka na moyo wake umechoka. Ikishakaza mle ndani, ukiisukuma kipande kinaweza kukatika kikaenda kwenye mapafu. Hapo hatuzungumzii mkono tena."

Alitoa fomu. Kinyozi akaweka sahihi polepole, kwa herufi kubwa, kama alivyoandika bei ukutani kule saluni.

Ilikuwa saa nne na robo. Waliwekwa kwenye benchi la korido, mbele ya mlango wa kijani, kinyozi akapelekwa kubadilishwa nguo. Mama Pindo alikaa na viatu vya mumewe mapajani. Alihesabu. Jumanne usiku mpaka Alhamisi asubuhi. Alihesabu tena akianzia Jumatano, kwa sababu huenda Jumanne ulikuwa unatetema kidogo sana na yeye hakusikia tu. Huenda ulinyamaza Jumatano jioni. Huenda jana usiku ulikuwepo kweli na yeye ndiye aliyekuwa hayupo. Akisema, mkono wa kulia umekwenda, na kiti kimekwenda, na mluzi umekwenda. Asiposema, daktari ana mikono mizuri, wanasema ana mikono mizuri sana. Na kama kipande kitakatika, nani atajua kwamba kilikuwa cha Jumanne?

Yeye atajua. Alijaribu kuvuta picha ya maisha ya mtu anayejua hivyo, anashona, anakula, anapokea pole za watu mlangoni, na hakuweza kuimaliza.

Wifi alirudi na chupa ya maji, akamkabidhi. Mama Pindo hakunywa. Tangu mumewe aanze kupimiwa maji, kunywa mbele ya watu kulimpa aibu.

"Wifi, nimesema vibaya kule ndani," alisema dada yake kinyozi. "Mdomo wangu unaujua. Nimekuwa nikifikiri hapa. Mwingine angeificha ile soksi. Wewe umesema mbele ya kila mtu. Mimi nisingeweza."

"Usiniambie hivyo."

"Nakuambia kwa sababu ni kweli. Kaka yangu amepata mke."

Mama Pindo aliweka viatu chini. Mlango wa kijani ulifunguliwa, na kinyozi akaletwa juu ya kitanda cha magurudumu, amevaa gauni la hospitali lililofungwa kombo. Daktari alikuwa nyuma, anasoma faili huku anatembea. Mama Pindo alisimama katikati ya korido, na ikabidi kitanda kisimame.

"Daktari. Haikuwa jana usiku."

"Nini?"

"Mtetemo wa mkono. Jana usiku haukuwepo. Na juzi haukuwepo. Ulinyamaza Jumanne."

Daktari alishusha faili. "Uliweka vidole Jumanne?"

"Sikuweka. Sikuhitaji kuweka. Unanguruma sikioni mwangu usiku kucha, daktari, miezi minane, naujua kuliko sauti yangu. Jumanne ulinyamaza."

"Na hukumleta."

"Sikumleta."

"Kwa nini, mama?"

Kulikuwa na majibu mengi ya heshima. Angesema hakuelewa. Angesema usafiri, giza, angesema lolote na lingeandikwa.

"Nililala," alisema. "Kulikuwa kimya, nikalala. Niliona raha."

Mwenye kusukuma kitanda alitazama viatu vyake. Daktari alichomoa kalamu, akaweka mstari juu ya karatasi moja kuanzia juu mpaka chini, na nyingine akaiandikia. Hakumgombeza. Mama Pindo alikuwa amejiandaa kugombezwa, akingoja kama mtu anayengoja kulipa deni ili atoke, na hakuna aliyelipokea.

"Afadhali umesema," daktari alisema. "Chumba cha upasuaji tunakiacha. Ana maji ya siku tatu mwilini, lazima asafishwe leo, kwa hiyo tunamwekea mpira wa kupitishia damu shingoni. Mkono wa kulia tutauzungumza wiki ijayo." Akaondoka kwa haraka yake.

Wifi alikuwa ameshachukua mkoba wake. Aliitazama chupa ya maji iliyobaki kwenye benchi, akaiokota pia.

"Jumatatu nitakuja kukuona," alisema, akimwambia kaka yake.

Kitanda kiliegeshwa kando ya ukuta kungoja chumba cha mipira. Kinyozi alilala akitazama juu. Mama Pindo alisimama upande wa mkono uliokufa, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na nafasi, na hakujua aiweke wapi mikono yake mwenyewe. Alitaka mumewe aseme neno baya. Alikuwa hata ameshalichagua.

"Kaa," alisema kinyozi.

"Nimesimama tu."

"Kaa, nina jambo."

Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nilijua," alisema kinyozi.

"Ulijua nini?"

"Jumanne. Usiku niliamka nikaona kuna kitu kimepungua. Nikauinua mkono nikauweka sikioni kwangu. Hakukuwa na kitu."

Mama Pindo alimtazama. "Mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa umelala." Alisema hivyo kana kwamba alikuwa amemaliza, halafu akaona hakumaliza. "Ulikuwa umelala kabisa, mdomo wazi. Unafikiri sijui kwamba hulali? Kila usiku najilaza hapo najifanya nimesinzia ili usijisikie vibaya kugeuka geuka. Nikasema nitamwamsha saa tisa. Saa tisa ikafika, nikasema saa kumi. Halafu kukakucha, na wewe ukaamka unaimba."

"Na jana?"

"Jana nilikuwa nimeshachelewa siku moja. Ningesema, wangeniuliza mbona juzi hukusema." Akageuza macho ukutani. "Halafu kuna wateja. Walikuwa wanakaa mpaka mwisho."

Nesi mmoja alipita na sinia. Wote wawili walingoja apite.

"Ulikuwa umelala hapa," alisema Mama Pindo. "Sasa hivi. Ninasema yote yale mbele ya daktari, mbele ya dada yako, ulikuwa umelala hapa, macho wazi."

"Ndiyo."

"Ukanisikiliza mpaka mwisho."

"Nilitaka kusema. Mdomo haukufunguka." Machozi yalimtoka kinyozi yakaingia masikioni, naye hakuyafuta, maana mkono wa kushoto ulikuwa hauna kazi na wa kulia alikuwa ameushikilia kifuani kama mtu anayelinda pochi. "Utamwambia dada?"

Mama Pindo alijisikia hasira ikimpanda, hasira nzuri, safi, ya kwanza tangu asubuhi, na alifurahi kuiona. Alifikiri ingempunguzia. Akangoja. Lakini kosa la mumewe lilikaa upande wake na lake likakaa upande wake, yote mawili mazima, na hakuna lililomega jingine hata kidogo. Kama mumewe angemwamsha saa tisa, mkono ungeokoka. Kama yeye angenyoosha vidole vitatu kabla ya kulala, mkono ungeokoka. Walikuwa wamelala kitanda kimoja, kila mmoja akijua, kila mmoja akimsikiliza mwenzake anavyopumua.

"Nilikoroma?" aliuliza.

"Sana."

Nesi mwenye miwani alikuja na faili jipya na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Alisema chumba kiko tayari, na kwamba kuna sehemu moja haijajazwa. Hakumtazama Mama Pindo usoni. "Wanataka jina la aliyegundua kwanza kwamba mshipa umenyamaza. Nani aligundua kwanza?"

Mama Pindo alimpa mumewe nafasi, nafasi nzuri tu, ya kutosha mtu kuvuta pumzi na kusema neno moja. Kinyozi alifumbua mdomo. Alimtazama nesi, ambaye angemchoma sindano Jumatatu, na Alhamisi, na kila Jumatatu na Alhamisi ya maisha yake yaliyobaki. Akaufumba.

"Andika mke," alisema Mama Pindo.

Nesi akaandika. Kinyozi aliigeuza shingo upande, kama alivyokuwa akiwageuza wateja wake, ili wapate mahali pa kuuingiza mpira.